Gari inalia vuuuu ukishika 60? Jinsi ya kujua beringi ya gurudumu imeisha na kuibadilisha

Hili swali linakuja kila mara, leo ni mtu wa Kondele hapa Kisumu, kesho ni mtu wa Bungoma, na maneno ni yale yale: gari yangu imeanza kulia vuuuu nikifika sitini, nikiongeza mwendo nayo inaongeza sauti, fundi mmoja ameniambia ni tairi, mwingine anasema ni gia boksi, sasa nifanye nini? Mara nyingi ni beringi ya gurudumu. Lakini usikimbie dukani bado. Kazi ngumu hapa si kufungua, kazi ngumu ni kujua ni gurudumu gani linalia, juu sauti inatembea kwenye bodi ya gari na unaeza apa iko mbele kulia kumbe iko nyuma kushoto. Watu wanatoa beringi nzima, wanaweka mpya, wanarudi barabarani na kelele iko pale pale.

Kitu cha pili nataka ukishike kabla hatujaenda mbali: beringi mpya nyingi zinaharibikia siku ya kuwekwa, na kinachoziharibu ni nyundo. Tutafika hapo.

Nimeandika nikifikiria gari zilizojaa huku kwetu, yaani Probox, Fielder, Corolla za NZE na Vitz, magurudumu ya mbele. Za nyuma na za pikap nimeziweka baadaye kidogo.

Beringi ni nini, kwa ufupi tu

Ni pete mbili na gololi katikati. Pete ya nje imebanwa ndani ya nako (kile chuma kikubwa kinachoshika boljointi ya mkono wa chini, kalipa inayobana breki, na shoki), pete ya ndani imebana habu, na habu ndo inabeba gurudumu. Grisi imefungiwa ndani na sili, yaani kizibo cha mpira pembeni. Maji yakipita sili, au uzito ukizidi, njia ya gololi inaanza kubanduka vipande vidogo vidogo, na gololi zikipita juu ya yale mashimo ndo unaskia ile kelele. Ikishaanza hairudi nyuma, na hakuna grisi ya kupaka itakayoiponya.

Kwetu huku sababu ziko wazi. Probox inabebeshwa magunia mpaka nyuma imekaa chini, barabara za murram zina mashimo, mvua ikinyesha na mto Nyando ukivunja kingo watu wanapitisha gari kwenye maji upande wa Ahero. Na kuna ile tabia ya kuingiza gari ziwani ioshwe. Habu ikiwa na moto ya barabara halafu iingie maji baridi ghafla, hewa ya ndani inajikunja na inavuta maji kupitia sili. Nimeona beringi za gari kama hizo zikifunguliwa, grisi imegeuka rangi ya chai ya maziwa na pete ina kutu mstari mzima pale gololi zilikuwa zimelala. Osha gari yako kwa ndoo, na ukitumia mashine ya presha usielekeze mdomo wake katikati ya gurudumu.

Vitu utahitaji

- Jeki, na stendi mbili za kusimamishia gari. Gari kubaki kwa jeki pekee ukiwa umeingiza mikono chini, hapana, hiyo usifanye hata kwa dakika tano.
- Mawe au mbao za kuzuia magurudumu ya nyuma.
- Spana ya gurudumu (21 kwa Toyota nyingi), soketi ya 30 ya ile nati kubwa ya shafti (chuma kinachozungusha gurudumu kutoka gia boksi), soketi za 10, 14, 17, 19 na 22.
- Mpini mrefu wa soketi, au paipu ya kuongezea nguvu.
- Toki renchi, spana inayoonyesha umekaza kwa nguvu kiasi gani. Kama huna, azima au kodisha, lakini ipatikane.
- Plaiasi ya sakilipi (pete ya chuma inayozuia beringi isitoke kwenye nako), bisibisi, patasi ndogo, nyundo, kipande cha mbao, brashi ya waya, msasa laini.
- Mafuta ya kulainisha kutu. Mwaga usiku wa kuamkia kazi, si dakika ya mwisho.
- Waya wa kuning'inizia kalipa.
- Beringi mpya, nati mpya ya shafti, pini mpya ya tairodi (fimbo ya steringi inayogeuza gurudumu), na sakilipi mpya kama haikuja na beringi.
- Fundi mwenye presi, mashine ya kusukuma beringi itoke na iingie. Huyu mtafute KABLA hujafungua gari, muulize bei ya kupresi peke yake na kama yuko siku hiyo. Kisumu hutakosa, uliza kwa mafundi wa jua kali upande wa Kibuye. Ukiwa mji mdogo hakikisha mapema, la sivyo gari italala juu ya stendi.

Kuhusu kununua: njia nzuri ni namba ya chesi yako, mtu wa spea aitafute, na ulinganishe na namba iliyochorwa kwenye beringi. Nyingi zinaandikwa DAC halafu namba, na hizo namba ni vipimo vya milimita. DAC40740040 maana yake tundu la ndani 40, upana wa nje 74, unene 40. Kwa hivyo hata kama boksi limechanika unaeza pima mwenyewe na kalipa ya kupimia. Majina kama Koyo, NSK, NTN, SKF na Timken ni ya kuaminika lakini yanaigwa sana, angalia kama namba imechorwa safi kwenye chuma chenyewe na si kwa boksi tu, na kama bei iko chini kupita kiasi, iache dukani. Uliza pia kama gari yako ina ABS (breki zisizofunga magurudumu), juu beringi nyingi za ABS zina upande wenye sumaku.

Sehemu ya kwanza: hakikisha ni beringi, na ni ya wapi

1. Isikilize barabarani. Zima redio, funga vioo, tafuta barabara iliyonyooka na lami nzuri asubuhi kabla ya magari kujaa, kama ile ya kuelekea Ahero. Panda polepole kutoka 40 hadi 80. Sauti ya beringi inafuata mwendo wa magurudumu, haifuati injini. Ukifika 70 toa mguu kwa mafuta (ya manual, kanyaga klachi), injini ishuke. Kama vuuuu imebaki vile vile, injini haihusiki.

2. Yumbisha gari kidogo, kulia na kushoto, taratibu, ukiwa peke yako barabarani. Ukikata kulia uzito unaenda magurudumu ya kushoto, kwa hivyo kelele ikipanda ukikata kulia, shuku kushoto. Ikipanda ukikata kushoto, shuku kulia. Hii ni dalili tu, bado si hukumu. Na kama unaskia tak-tak-tak ukikata steringi mpaka mwisho, hiyo ni jointi ya shafti, hiyo ni kazi nyingine.

3. Ondoa tairi kwenye orodha. Pitisha kiganja juu ya kashata za tairi mbele na nyuma, kama upande mmoja unakukwaruza na mwingine unateleza, hiyo tairi inaeza kulia sawasawa na beringi. Tairi inabadilisha sauti lami ikibadilika, beringi haijali sana lami. Kama bado huna uhakika, badilisha tairi za mbele ziende nyuma uendeshe tena. Kelele ikihama na tairi umejua, na hujatumia hata shilingi.

4. Inua na utikise. Handibreki juu, mawe nyuma, inua mbele, weka stendi. Shika tairi juu na chini, moja vuta moja sukuma. Ikicheza, mwambie mtu akanyage breki na utikise tena: mchezo ukiisha ni beringi, ukibaki angalia boljointi. Halafu shika kushoto na kulia. Ikicheza upande huo peke yake, mara nyingi ni tairodi.

5. Zungusha na uskie kwa mkono. Hii ndo naipenda kuliko zote. Gia iwe nyutro, mkono mmoja uzungushe tairi, vidole vya mkono mwingine vishike springi ya shoki. Springi inabeba mtetemo kutoka kwa nako moja kwa moja, beringi mbovu utaiskia inakwaruza kwa vidole hata kama masikio hayaskii kitu. Linganisha upande wa pili. Angalia tu vidole visikwame kati ya springi na tairi.

Hapa nisisitize, juu ndipo wengi wanapotezwa: beringi inaeza kulia vibaya sana na tairi isicheze hata kidogo. Mchezo huja mwisho kabisa. Fundi akitikisa, akaskia imekaza, akakwambia "beringi iko sawa", hajapima kitu mpaka azungushe.

Na lile swali la "naweza ngoja mwisho wa mwezi?" Kama ni sauti ndogo na haichezi, endesha polepole mjini ukitafuta beringi, usiende safari ya mbali wala usibebe mzigo. Kama tairi inacheza, au habu inakuwa ya moto sana kuliko ya upande wa pili, gari isimame leo. Beringi ikivunjika kabisa gurudumu linaeza kujifunga au kutoka na habu yake, na ukiwa unashuka mteremko wa Nandi Hills hapo hutaki kuwa.

Sehemu ya pili: kutoa

6. Gari ikiwa bado chini, mawe yakiwa nyuma, toa kifuniko cha katikati, nyoosha ule mdomo wa nati uliogongwa kwenye mfereji wa shafti kwa patasi ndogo, halafu legeza nati kubwa kwa soketi ya 30 na mpini mrefu. Legeza tu, usiitoe. Legeza na nati za gurudumu. Kuanzia hapa gari isisukumwe hata hatua moja, beringi bila nati iliyokaza inabeba uzito vibaya.

7. Inua, weka stendi, toa gurudumu. Liteleze chini ya gari, likae hapo kama kinga ya ziada.

8. Fungua boliti mbili za nyuma za kalipa, itoe na bracketi yake nzima na uifunge na waya kwenye springi. Isining'inie kwa paipu ya breki, paipu inapasuka ndani na utakuja kujua siku ya kusimama ghafla. Diski ikikataa kutoka kwa kutu, Toyota nyingi zina matundu mawili yenye nyuzi kwenye diski, ingiza boliti za milimita 8 ukaze zamu kwa zamu, itajisukuma yenyewe.

9. Sensa ya ABS, boliti moja ya 10. Zungusha kulia na kushoto na mafuta mpaka itoke. Usiisukume na bisibisi, ni plastiki na ikikatika umeongeza gharama.

10. Toa pini na nati ya tairodi. Gonga ubavu wa jicho la nako, tairodi itaanguka yenyewe. Usigonge nyuzi.

11. Boljointi ya chini: kwa Corolla ya NZE ni boliti moja na nati mbili zinazoishika kwa mkono wa chini.

12. Kabla ya kufungua boliti mbili za shoki, chora mstari na msumari mahali nako na shoki zinapokutana, ili urudishe pale pale. Toa nati kubwa karibu yote, acha nyuzi chache, weka mbao juu na ugonge taratibu mpaka shafti isogee ndani. Halafu toa boliti za shoki na uvute nako huku umeshika shafti. Shafti yenyewe usiivute kwa nguvu, jointi ya ndani inaeza kuachana na ufungue kazi nyingine.

Sasa una nako na habu mkononi. Peleka kwa presi, na usiondoke. Kaa hapo uangalie.

Sehemu ya tatu: kwenye presi

13. Habu inasukumwa itoke kwanza. Mara nyingi pete moja ya ndani inabaki imeng'ang'ania habu. Itolewe na pula (kifaa cha kuvutia), au ikatwe mfereji na grainda halafu ipasuliwe kwa patasi. Grainda isiguse habu. Ukiona alama ya kukatwa pale beringi inakaa, hiyo habu haifai tena.

14. Toa sakilipi, sukuma beringi ya zamani. Safisha tundu la nako kwa brashi na msasa laini, kutu yote itoke, na mfereji wa sakilipi pia.

15. Beringi mpya inasukumwa kwa PETE YA NJE pekee. Tumia pete ya ile beringi ya zamani kama kisukumio, kipimo chake kinaoana. Nguvu ikipita kwa pete ya ndani inapita kwa gololi, zinachora alama kwenye njia, na hapo beringi imeisha ikiwa mpya. Fundi akishika nyundo na kusema "hii naingiza sasa hivi", mnyang'anye hiyo nako kwa heshima. Kama ni beringi ya ABS yenye sumaku, upande wa sumaku uangalie sensa, yaani ndani ya gari. Kwa kawaida una rangi tofauti, na pini nyepesi ya chuma inaushika kidogo. Usiuweke karibu na unga wa grainda.

16. Rudisha sakilipi, uone imezama kwenye mfereji mzunguko wote.

17. Habu sasa. Hapa mambo yanageuka: chini yake, PETE YA NDANI ndo inashikiliwa na kipande cha paipu, halafu habu inasukumwa kutoka juu. Ukishikilia nako peke yake, habu itasukuma pete ya ndani itoke nje ya beringi.

18. Zungusha kwa mkono kabla ya kulipa. Inatakiwa iwe nzito kidogo kwa sababu ya sili, laini, bila kukwaruza na bila kushikashika.

Sehemu ya nne: kurudisha

19. Rudisha kwa mpangilio wa kinyume: shafti, boliti za shoki kwenye alama yako, boljointi, tairodi na pini mpya, sensa, diski, kalipa. Piga msasa uso wa habu pale diski inakaa.

20. Mtu akanyage breki, na ukaze nati mpya ya shafti kabla gari haijashuka chini. Corolla za NZE121 ni 216 Nm (kipimo cha toki renchi), gari yako angalia kitabu chake. Hii nati ndo inabana pete za ndani pamoja, ikilegea beringi inakufa, kwa hivyo ule mtindo wa "kaza mpaka uchoke" hautoshi. Gonga mdomo wake kwenye mfereji.

21. Rudisha gurudumu, shusha, kaza nati za gurudumu kwa mtindo wa kuvuka (moja, halafu inayoikabili), 103 Nm kwa hizi Toyota ndogo.

22. Pampu pedali ya breki mpaka iwe ngumu KABLA ya kuondoka. Ukisahau, breki ya kwanza itaenda mpaka chini na hakuna kitu kitashika.

23. Endesha ile barabara ya mwanzo. Baada ya kilomita 50 hadi 100 kaza tena nati za gurudumu, halafu upeleke alaimenti.

Za nyuma na za pikap

Gari nyingi ndogo zenye mvuto wa mbele, habu ya nyuma inakuja ikiwa nzima na beringi ndani, unatoa dramu, boliti nne za nyuma yake, unaweka ingine. Presi haihitajiki. Ukifanya hii mara ya kwanza, anza na ya nyuma.

Pikap za zamani na trela zina beringi za roli zilizochongoka, mbili kwa kila gurudumu. Hizi zinajazwa grisi kwa kiganja mpaka itokee upande wa pili, zinabadilishwa pamoja na pete yake ya nje, na nati inakazwa huku unazungusha gurudumu ili zikae, halafu inalegezwa, halafu inakazwa tena kidogo tu na pini mpya. Kukaza sana kunazichoma.

Ikikataa baada ya kazi

- Kelele ni ile ile: ulibadilisha upande usio, au ni tairi. Rudi hatua ya 3 na ya 5, magurudumu yote manne.
- Kelele mpya siku ya kwanza: beringi iliumizwa kwenye presi. Haitajirekebisha, itolewe, na beringi ikitoka kwa habu imevutwa kupitia gololi, kwa hivyo usikubali ile ile irudishwe.
- Taa ya ABS imewaka: plagi ya sensa haijashika au ina uchafu, au upande wa sumaku umegeuzwa. Anza na plagi.
- Tairi bado inacheza: nati ya shafti haijafika kipimo. Ikiwa imefika, rudia jaribio la breki uangalie boljointi.
- Pedali ya breki inatetemeka: kuna kutu au uchafu kati ya diski na habu.
- Gurudumu zito na lina moto: pedi zimeshika, angalia pini za kalipa kabla ya kulaumu beringi.
- Beringi inakufa tena baada ya muda mfupi: angalia shingo ya habu pale pete ya ndani inakaa. Ukiona imelambwa, inang'aa au ina rangi ya bluu, pete imekuwa ikizunguka juu yake, na beringi yoyote utakayoweka hapo haitadumu. Nunua habu pia. Na kama beringi iliingia kwenye nako kwa kusukumwa na vidole tu, bila presi kuhangaika, tundu limepanuka, tafuta nako ingine. Gundi na kupigia alama tundu kwa patasi ili libane, kama wengine wanavyofanya, ni kurudisha gari barabarani na gurudumu ambalo halijashikwa.